Je, ni Haki Mtu Kushindana na Mashine?

Jioni moja, kazi za shule zilipokwisha, tuliwasikia vijana wawili wakibishana chini ya mwembe. Mmoja alishika simu, na ndani ya simu ile mlikuwa na mchezo wa sataranji. Alikuwa amecheza na simu mara tano, akashindwa mara tano. Akasema kwa hasira, "Hapana haki hapa. Mimi nafikiri kwa kichwa changu, na hii yahesabu kama umeme. Kucheza nayo ni kama kushindana mbio na motokaa." Mwenziwe akacheka, akamjibu, "Kama ungalishinda, ungalisema hapana haki? Ulikubali mwenyewe kucheza. Basi kubali na kushindwa." Walipotuona walitujia, wakauliza, "Mwalimu, nani kati yetu asemaye kweli?"

Hatukuwajibu siku ile, maana swali lao si dogo kama lionekanavyo. Limekwisha kuulizwa na watu wenye akili nyingi katika miji mikubwa ya dunia, na kwa ajili yake watu wamegombana na kushukiana miaka mingi. Tena twaona ya kuwa swali hili halihusu mchezo tu. Siku hizi mashine zatupimia, zatuhesabia, na mahali pengine zatuamulia. Mtu asiyejua kuuliza habari ya haki mbele ya mashine ya mchezo, hatajua kuuliza mbele ya mashine iliyoshika riziki yake. Kwa hiyo twataka kulijibu hapa polepole, ili wasomaji wetu nao walipime.

Yafaa kwanza tueleze sataranji ni mchezo gani, kwa kuwa wengi wetu twajua bao zaidi. Ubao wake una vyumba 64, vyeupe na vyeusi. Kila mchezaji ana kete 16, yaani mfalme mmoja, malkia mmoja, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili, na askari wanane. Na kila namna ya kete ina mwendo wake. Nia ya mchezaji ni kumzingira mfalme wa mwenziwe hata asiwe na pa kukimbilia. Kama ilivyo katika bao, hapa hapana dadu, wala hapana karata iliyofichwa mkononi. Kila kitu ki wazi mbele ya macho ya wote wawili. Ashindwaye hawezi kuilaumu bahati. Ndiyo sababu watu wa Ulaya na Asia, tangu zamani, waliuhesabu mchezo huu kuwa kipimo cha akili, na wale waliouweza kupita wengine wote waliitwa mabingwa wakuu.

Tamaa ya kupata mashine iwezayo kucheza sataranji si ya leo. Mwaka 1770, mjini Vienna, fundi mmoja jina lake Wolfgang von Kempelen alimwonyesha Malkia Maria Theresa sanduku kubwa, na nyuma ya sanduku sanamu ya mtu aliyevaa kilemba kama Mturuki. Sanamu ilinyosha mkono, ikasogeza kete, ikawashinda wengi waliojaribu kucheza nayo. Ikatembezwa Ulaya na Marekani miaka mingi. Hata Napoleon alicheza nayo mwaka 1809, akashindwa. Kabla ya mchezo milango ya sanduku ilifunguliwa, watu wakaona magurudumu, wakastaajabu. Lakini mlikuwamo mtu ndani, amejificha kwa hila, naye ndiye aliyecheza. Sanamu ile iliteketea kwa moto katika mji wa Philadelphia, Marekani, mwaka 1854. Msomaji aikumbuke habari hii, maana tutairudia.

Katika mji ule ule wa Philadelphia, mwezi wa Februari 1996, lilifanyika pambano jingine, na safari hii hapakuwa na mtu sandukuni. Upande mmoja alikuwa Bwana Garry Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia tangu mwaka 1985. Upande wa pili ilikuwa kompyuta iliyoitwa Deep Blue, iliyotengenezwa na mafundi wa kampuni ya IBM. Kompyuta ilishinda mchezo wa kwanza, na watu wakashtuka, maana haikupata kutokea bingwa wa dunia kushindwa na mashine katika mchezo wenye muda kamili wa kufikiri kama ule wa mashindano makubwa. Lakini Bwana Kasparov hakufa moyo. Alijifunza tabia ya mashine, akashinda michezo mitatu, miwili ikawa suluhu, na pambano likaisha kwa alama 4 kwa 2, ushindi wake.

Mafundi wakarudi kazini. Wakaiongezea mashine nguvu, hata ikaweza kupima hali za ubao kama milioni 200 katika sekunde moja. Wakawaalika na wachezaji wakubwa, mmoja wao bingwa mkuu Joel Benjamin wa Marekani, ili waifundishe hekima ya mchezo na kuiwekea akiba ya mianzo mizuri. Mwezi wa Mei 1997 wakakutana tena na bingwa, mara hii mjini New York, katika chumba kilichokuwa ghorofa ya 35, na watazamaji wakikaa chini wakifuata mchezo kwa picha. Mashine yenyewe haikuketi kitini. Aliyeketi mbele ya Bwana Kasparov ni mmoja wa mafundi, akisoma shauri la mashine na kuzisogeza kete kwa mkono wake. Bingwa alishinda mchezo wa kwanza, akashindwa wa pili. Wa tatu, wa nne na wa tano ikawa suluhu. Na mchezo wa sita akashindwa katika hatua 19 tu. Jumla ilikuwa alama tatu na nusu kwa mbili na nusu, ushindi wa mashine. Habari zikaenea ulimwenguni kote ya kuwa akili ya mwanadamu imeshindwa.

Hapo ndipo swali lilipoanza: je, pambano lile lilikuwa la haki? Tumesikia hoja tatu za wale wasemao kwamba halikuwa la haki. Tuzitazame moja moja.

Hoja ya kwanza ndiyo ile ya kijana wetu. Wasema, "Nguvu hazilingani. Mtu hawezi kupima hali milioni 200 kwa sekunde moja. Basi kumshindanisha na kitu kiwezacho ni dhuluma." Twajibu: kama kutolingana nguvu kungalikuwa dhuluma, hapangalikuwa na mashindano yo yote duniani. Wapiga mbio hawalingani miguu, wala wacheza bao hawalingani vichwa. Mashindano huwekwa kwa sababu hiyo hiyo, ili ijulikane nani ana nguvu zaidi na kwa kadiri gani. Nasi hatushindani mbio na motokaa, lakini si kwa kuwa ni dhuluma. Hatushindani kwa kuwa ni upuzi. Jibu lajulikana kabla ya kuanza. Mwaka 1996 na 1997 jibu halikujulikana. Mara ya kwanza mtu alishinda, mara ya pili mashine ilishinda kwa alama moja tu. Kwa hiyo pambano lilikuwa na maana, na hoja ya nguvu haitoshi kulivunja.

Hoja ya pili ni ya mwili na moyo. Wasema, "Mtu huchoka, huona njaa, huogopa, hukosa usingizi, mashine haijui hata moja katika hayo." Neno hili ni kweli, na mchezo wa pili wa mwaka 1997 wafaa kuwa mfano. Bwana Kasparov alisalimu amri, akaondoka. Baadaye akaambiwa na watu wake ya kuwa walioichunguza hali ile ya ubao wameona njia iliyokuwa imebaki: angaliweza kumshambulia mfalme wa mashine mfululizo, hata mchezo uishe kwa suluhu. Mtu aliyezoea kuona njia pasipo njia alishindwa kuiona hii. Kwa nini? Kwa sababu aliamini ya kuwa mashine imekwisha kuona yote, wala haiwezi kuacha mwanya. Hakushindwa na hesabu peke yake; alishindwa pia na hofu ya hesabu.

Tena liko jambo la kustaajabisha zaidi. Mwishoni mwa mchezo wa kwanza, uleule aliokuwa anaushinda, mashine ilisogeza kete kwa namna isiyoeleweka. Mmoja wa mafundi alieleza miaka mingi baadaye, katika kitabu kilichotoka mwaka 2012, ya kuwa hatua ile haikuwa na hekima yo yote. Ilikuwa kosa katika programu. Mashine ilikosa shauri, ikachagua ovyo. Na wako wasemao ya kuwa kambi ya bingwa iliiona hatua ile kuwa ni werevu wa kina kirefu mno. Ikiwa ndivyo, basi ujinga wa mashine ulimtisha mtu kuliko akili yake.

Je, huku ndiko kudhulumiwa? Hatudhani. Hofu ya Bwana Kasparov haikutiwa na mtu kwa hila. Ilikuwa yake mwenyewe. Bingwa mwingine, Bwana Vladimir Kramnik, naye bingwa wa dunia, alicheza na programu iitwayo Deep Fritz mjini Bonn, Ujerumani, mwaka 2006. Katika mchezo wa pili hakuona ya kuwa mfalme wake ataangamizwa kwa hatua moja tu, jambo ambalo hata mtoto aliyejifunza juzi angaliweza kuliona. Hapakuwa na aliyemdhulumu. Macho yake yalipitiwa, kama yapitiwavyo macho ya mwanadamu. Udhaifu wetu ni sehemu ya sisi. Akubaliye kushindana huja pamoja na udhaifu wake, wala hauachi mlangoni. Yapasa tu wale waandaao pambano waukumbuke, waweke siku za kupumzika na saa za kutosha. Na wakifanya hivyo, yaliyobaki ni ya mchezaji mwenyewe.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Wasema, "Mafundi walimjua bingwa, lakini bingwa hakuijua mashine." Hapa twaona pana jambo. Michezo ya Bwana Kasparov ilikuwa imechapwa vitabuni tangu ujana wake, na mafundi waliweza kuichunguza yote. Naye alipoomba aone michezo iliyochezwa na mashine mpya kabla ya pambano, hakuipata. Kila mchezo ulipokwisha, mafundi waliruhusiwa kuirekebisha mashine, hata ile aliyokutana nayo leo si ileile ya jana. Na alipokuwa na shaka juu ya mchezo wa pili, akaomba aonyeshwe maandishi ya mashine, yaani kumbukumbu ya jinsi ilivyofikiri, hakupewa kama alivyotaka wakati alipoyahitaji. Yalitolewa kwa watu wote baadaye. Katika mchezo wa sita, mashine ilitoa farasi wake kuwa sadaka katika hatua ya nane, na pigo lile lilimvunja. Lakini mashine haikulibuni pigo hilo ubaoni. Lilitoka katika akiba ya mianzo iliyowekwa na watu.

Mtu atasema, "Lakini yote hayo yalikuwa katika mapatano, na Bwana Kasparov alitia sahihi." Ni kweli, alitia. Sharia haikuvunjwa. Lakini sote twajua ya kuwa yako mapatano yasiyovunja sharia nayo hayatimizi haki. Mkulima akitia sahihi ya kuuza mazao yake kwa mizani asiyoruhusiwa kuitazama, sahihi ni yake, wala hakulazimishwa; lakini nani atasema biashara ile ni ya haki? Sahihi yatufunga tusikatae tulilolikubali. Haina uwezo wa kuligeuza jambo lililofichwa kuwa la wazi.

Na mfano huu wa mizani ndio utakaotupa jibu la swali zima. Mizani ya dukani ikionyesha upungufu, hakuna mtu mwenye akili aikasirikiaye mizani. Mizani haina dhambi, wala haina wema. Haikutaka kumwibia mtu, wala haikutaka kumpa haki yake. Twamwendea mwenye mizani, tukamwuliza maneno matatu: Nani ameiweka hivi? Je, twaweza kuikagua? Je, utakubali kupima mara ya pili? Akijibu maneno matatu kwa uwazi, tutayakubali aliyoyapima, hata yakituumiza. Akikataa hata moja, hatutatulia, hata kama vipimo vyake ni sawa.

Wazee wetu walisema: Asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii hutumika kumwonya mtu alalamikaye baada ya kushindwa, na ndivyo kijana wa pili alivyotaka kuitumia. Lakini tuitazame vema, maana ina maana nyingine ndani yake. Mashine haiwezi kukubali kushindwa. Haiwezi pia kukataa. Deep Blue iliposhindwa mwaka 1996 haikuhuzunika. Iliposhinda mwaka 1997 haikufurahi. Haikuwa na heshima ya kupoteza, wala haikujua ya kuwa mbele yake yuko mtu. Basi kwa hukumu ya methali, mashine si mshindani hata kidogo. Ni chombo, kama mizani, kama shoka, kama mtumbwi. Ikiwa ndivyo, washindani walikuwa nani? Upande mmoja Bwana Kasparov na wasaidizi wake. Upande wa pili mafundi, mabingwa waliowasaidia, na kampuni yenye mashine. Katika sanduku la Vienna mtu alijificha ndani. Mjini New York watu hawakuwamo ndani ya mashine, lakini walikuwa nyuma yake, na yale waliyoyafikiri siku nyingi kabla ya pambano yalikuwa yakicheza.

Tukilifahamu hilo, swali lapata jibu. Hatuulizi tena kama ni haki mtu kushindana na mashine. Twauliza kama watu wa pande mbili walitendeana haki. Na methali ile yawahukumu wote wawili.

Yamhukumu Bwana Kasparov. Katika uchungu wake alidokeza mbele ya watu ya kuwa huenda mkono wa mtu ulisaidia wakati wa mchezo, naye hakuwa na ushahidi. Kumshuku mtu bila ushahidi ni kumnyang'anya jina lake. Wale mafundi walitumia miaka mingi ya ujana wao katika kazi ile, na siku ya mavuno yao wakatiliwa shaka. Lakini tumpe heshima yake pia. Mwaka 2017, miaka 20 baadaye, alitoa kitabu alimoichunguza tena michezo ile kwa msaada wa kompyuta mpya, akakiri ya kuwa alicheza vibaya kuliko alivyodhani, na ya kuwa haamini tena kwamba alidanganywa mchezoni, ingawa aliendelea kuilaumu kampuni kwa namna ilivyomtendea. Kukiri hivyo mbele ya dunia si jambo jepesi kwa bingwa. Siku ile, twaona, alipata kuwa mshindani kamili kwa maana ya methali.

Na methali yawahukumu wenye mashine. Bwana Kasparov aliomba pambano la tatu, maana kila upande ulikuwa umeshinda mara moja. Akakataliwa. Mashine ikaondolewa kazini, ikavunjwa vipande, na sehemu zake zikawekwa katika majumba ya makumbusho nchini Marekani. Walikuwa na ruhusa. Mali ni mali yao. Lakini yule anayeshinda kisha akavunja ubao ili asije akashindwa kesho, je, amekubali kushindwa? Asiyekubali hata uwezekano wa kushindwa si mshindani. Alikuwa akitafuta sifa, naye alipoipata akaondoka nayo. Hapo ndipo pambano la 1997 lilipopungukiwa na haki, wala si katika zile hali milioni 200 kwa sekunde.

Labda msomaji atauliza, "Je, yawezekana basi kuwa na pambano la haki kati ya mtu na mashine?" Twajibu, yawezekana, na limefanyika. Mwaka 2002, katika nchi ya Bahrain, Bwana Kramnik alipambana na Deep Fritz katika michezo minane. Kabla ya pambano alipewa nakala ya programu, akae nayo, aicheze, aijue tabia yake, kama yeye mwenyewe alivyojulikana. Wakatoka suluhu, alama 4 kwa 4. Mwaka 2006 mjini Bonn alipewa tena nafasi ya kuijua programu mapema, na tena alionyeshwa katika kioo yale ambayo mashine iliyasoma katika akiba yake ya mianzo, muda wote ilipokuwa bado kucheza kwa akili yake. Akashindwa, alama 4 kwa 2. Lakini tazama tofauti! Alishindwa kuliko Bwana Kasparov alivyoshindwa mwaka 1997, na hata hivyo malalamiko hayakuwa kama yale. Mtu huweza kuuchukua mzigo mzito wa kushindwa, ikiwa ameonyeshwa kila kitu. Auonao mzito hata usichukulike ni ule uliofungwa kitambaa.

Siku hizi mapambano ya namna ile hayafanywi tena kwa masharti sawa. Programu zimeendelea mno, hata zile zinazokaa ndani ya simu humshinda bingwa wa dunia. Swali limekwisha kujibiwa, na kulirudia ni kweli kushindana mbio na motokaa. Lakini sataranji haikufa. Watu wengi wangali wacheza, mtu na mtu, na mabingwa huzitumia mashine kama walimu, wajifunze kwazo kabla ya kukutana. Vilevile wapiga mbio hawakuacha mbio kwa kuwa motokaa yapita. Maana hatupigi mbio ili tupate kuwa wa kwanza katika vitu vyote viendavyo duniani.

Bali limetokea jambo jipya, nalo lathibitisha tulilolisema. Katika mashindano ya watu, sasa wakaguzi huwapekua wachezaji wasije wakaingia na simu. Mwaka 2019, katika mashindano mjini Strasbourg, Ufaransa, bingwa mkuu mmoja alikamatwa akiitumia simu chooni katikati ya mchezo, naye akakiri. Tumkumbuke sasa yule Mturuki wa Vienna. Zamani ilikuwa mashine iliyomficha mtu ndani yake. Siku hizi ni mtu aliyeificha mashine nguoni mwake. Mambo yamegeuka juu chini, lakini kosa ni lilelile. Si kosa mtu kuwa na nguvu, wala si kosa mashine kuwa na nguvu. Kosa ni kumwambia mwenzio, "Unacheza na hiki," na kumbe anacheza na kingine.

Basi tuliwaita wale vijana wawili, tukawajibu hivi. Kwa yule wa kwanza tulisema: Simu hii haikukudhulumu, maana haiwezi kudhulumu. Ulijua ni mashine, ulijua ni hodari, na tena ina mahali pa kupunguza nguvu zake, ukitaka ilingane nawe. Hasira yako haina wa kumwangukia. Jifunze kwayo, kisha ukacheze na mwenzio. Kwa yule wa pili tulisema: Methali uliyoifikiria ni njema, lakini usiitumie kuwanyamazisha watu. Kabla ya kumwambia mtu akubali kushindwa, tazama kwanza kama alionyeshwa alichoshindana nacho.

Na kwa wasomaji wetu twasema neno hilohilo. Zitakuja mashine nyingi zaidi, za kupima mazao yetu, za kusahihisha mitihani ya watoto wetu, za kusema nani akopeshwe na nani asikopeshwe. Tusiziogope kama Bwana Kasparov alivyoogopa hatua ile isiyokuwa na maana, tukidhani ya kuwa kila tusilolielewa ni hekima. Wala tusizitukane, kwa maana hazisikii. Tuwatafute watu walio nyuma yake, tuwaulize kwa adabu na bila kuchoka: Nani ameiweka hivi? Twaweza kuikagua? Mtakubali kupima mara ya pili?

Kijana wa kwanza alituliza simu mfukoni, akachora vyumba 64 mchangani kwa kijiti. Walikosa kete, wakaokota kokoto na vizibo vya chupa. Tulipoondoka giza lilikuwa limeingia, nao wangali wameinama, na yule wa pili, aliyesema mwenziwe akubali kushindwa, alikuwa akiomba arudishiwe hatua moja.